Majina Uliyonisukia

Bibi,

Assalamu alaykum, wewe na majirani zako wa hapo makaburini. Nimeketi pale pale mlangoni ulipokuwa ukinisuka, na mgongo wangu bado unatafuta magoti yako.

Tangu uondoke, karai lako la kukaangia samaki analitumia Mama. Wateja wanakuja, hata yule jirani anayejifunika uso asionekane akinunua kwetu sisi Wabajuni. Mama anamfungia vizuri kama ulivyokuwa ukimfungia. Mdogo wangu Saada ameota meno ya mbele. Nami mpaka jana nilikuwa nimekataa kuifumua misuko yako ya mwisho. Mama naye hakunilazimisha, maana akishika chanuo tu machozi yalimtoka.

Unakumbuka siku niliyorudi kutoka shule nikilia kwamba wananiita mla samaki, kwamba nanuka? Ulininusa shingoni ukasema, "Kweli, wanuka chakula. Wao wanuka nini?" Kisha ukanikalisha, ukanipaka mafuta ya nazi, ukaanza. Kila mstari wa nywele na jina lake. Rukia binti Amina. Amina, ndiye Mama, binti Mwanaidi, ndiye wewe. Mwanaidi binti Mwanakombo. Ukaendelea hivyo mpaka kisogoni, kwa Mwanahamisi aliyezaliwa kisiwani Darakasi. Nikikosea uliuvuta msuko. Nikilalamika kwamba naumia, ulisema na wao wataumia nikiwasahau.

Siku moja nilikuuliza mbona ni wanawake tu. Ukanieleza kwamba wakati wa vita wenye bunduki walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza watu ni wa kabila gani, na Wabajuni hawakuwa na wa kuwatetea. Wanaume wetu wakajifunza majina ya mababu wa kabila kubwa, wakayataja kama ya mababu zao, ili watoto walale salama. Hukuwalaumu. Ulisema, "Mama zetu hakuna aliyewaulizia. Tukabaki nao. Mchu gani asiye na mama, mtu gani?"

Sasa habari yenyewe, Bibi.

Wiki iliyopita mwalimu wa historia alitaka kila mwanafunzi asimame ataje mababu zake. Mjomba Shee alinifundisha wale wa kuazima, akanisikiliza mpaka akaridhika. "Ukisema wewe Mbajuni watakusumbua," aliniambia, "nami siwezi kusimama mlangoni mwa shule kila siku." Nilimwelewa. Nilikusudia kumtii.

Wenzangu walitaja mababu zao haraka, kama wanaosoma sura fupi. Zamu yangu ilipofika nilisimama, nikafungua mdomo, na mababu wa Mjomba wakanipotea wote. Mkono wangu ukapanda kichwani, nikaigusa misuko yako juu ya mtandio.

"Rukia binti Amina," nikasema. "Amina binti Mwanaidi."

Darasa likacheka. "Hao ni wanawake watupu," akasema Bile, anayeketi mbele upande wa wavulana. "Baba zako wameenda kuvua?"

Niliendelea hivyo hivyo, Bibi, mpaka kwa Mwanahamisi wa Darakasi. Kisha nikasema mimi ni Mbajuni, nikaketi.

Hodan, tunayeketi naye dawati moja, akanigeukia. "Walaal, dada yangu, mimi nataja mababu mpaka nichoke, lakini mama yake nyanya yangu simjui hata jina." Hakuwa akinidhihaki. Bile akamwambia akawaulize samaki. Yeye hajabadilika, na si peke yake, sitakudanganya. Lakini kesho yake Hodan alinisubiri getini, akanitajia majina aliyopewa na nyanya yake, akayarudia mara mbili asije akayapoteza.

Nyumbani niliogopa kumwambia Mjomba. Nilipomwambia, aliweka kikombe chake chini. Nikajua nimemwangusha. Kisha akasema, "Taja nisikie."

Nikataja.

"Umemruka Fatuma," akasema. "Bibi yako hakuwa akimruka."

Kumbe anayo majina yote. Miaka ile uliyokuwa ukiwasuka Mama na dada zake, alikuwa akisikia. Kisha akainuka, akasema, "Kesho nakupeleka mimi." Tangu hapo ananipeleka kila asubuhi. Anasimama mlangoni mwa shule na koti lake la msikitini, mpaka niingie darasani. Wasichana wengine wawili wa Kibajuni wameanza kutembea nasi. Mmoja ameniomba nimfundishe namna ya kuanza.

Leo asubuhi Mama amefumua misuko yako, mstari mmoja mmoja, pole pole, kisha akasuka upya. Mkono wake mwepesi kuliko wako. Alipofika kwenye jina lako sauti ikamkatika. Nikalisema mimi, naye akaendelea. Fatuma hatukumruka.

Pumzika, Bibi yangu. Mungu akupanulie hapo ulipo. Nitaendelea kwenda shule, na nikiulizwa tena nitajibu vile vile. Nywele za Saada bado fupi, hazishiki. Zikishika, nitamkalisha hapa mlangoni na chanuo lako, nimtajie wote. Atalia, najua. Na kwenye mstari wako nitakaza vizuri, usifumuke.

Mjukuu wako,
Rukia binti Amina binti Mwanaidi