Gari ya Pasta Inaogopa Njia Nyeupe

Shangazi Fidès, kwa heshima zote natangaza kwamba gari ya Pasta Bucumi imeogopa tena.

Mi ni Rodrigue, fundi wa magari, nalala kambi ya Dzaleka, kazi nafanyia gereji moja ya Kanengo, huku Lilongwe, na naomba unikopeshe akili maana yangu imeisha. Gari hiyo ilitoka Japani, iko na rada puani inayopima umbali wa gari ya mbele ili mwendo upungue wenyewe, sasa ikaanza kupiga kelele na kuachia mwendo hata njia ikiwa nyeupe, bila gari mbele, malori nyuma yanapiga honi, basi nikachomeka mashine ya kupima, ikaandika rada haioni, nikapangusa pua, nikaweka gari kwenye sakafu iliyo sawa, nikasimamisha kibao cha shabaha mbele yake kwa kipimo, nikailenga rada upya, tukaijaribu mpaka Nsungwi, ikaenda kama maji. Jumapili ikapita, imeogopa. Nikalenga tena, Jumapili ikapita, imeogopa. Halafu nikaona kwa macho yangu: kila baada ya ibada Mama Béatrice wa kanisani kwetu anaipaka gari upako puani, na mafuta yenyewe ni mawese, yale mekundu ya kupikia, vumbi yetu inakaa juu, inakauka kama plasta. Na Mama Béatrice njo mama wa Gabriella, ambaye nataka kumuoa. Sasa anasema mbele ya bantu wote wa kanisa, "Tangu huyu fundi aguse gari na ile kompyuta yake, pepo imeingia. Mutoto wangu siwezi kumupa mwenye pepo." Pasta ananyamaza. Nikisema ni mawese, nimetukana mama mkwe; nikinyamaza, pepo ni mimi. Na kama gari inaogopa kila baada ya ibada tu, Shangazi, labda kweli...

*

Rodrigue mwanangu, pole, lakini kwenye hiyo "labda" niliweka barua chini nikanywa maji. Mashine ilisema rada haioni, ukapangusa, ikaona. Unangoja ushuhuda wa nani? Mtu mwenye matongo machoni hapelekwi kwa daktari wa miwani, ananawa uso. We unalenga upya kitu kilichochafuka tu, kwa sababu kulenga hakumuudhi mtu. Pasta naye anajua. Ananyamaza kwa kuwa anamuogopa Mama Béatrice kuliko malori.

Kwa mama usiende na kompyuta. Enda na mzee wa kanisa, vua kofia, sema: "Mama, gari haina roho, mwenye kuiendesha njo mwenye roho. Upako tuuhamishie kwa paji la pasta." Paji lile ni pana, litatosha. Halafu muombe ashike ndoo wakati unaosha pua ya gari, aone mwenyewe kinachotoka. Tumia sabuni.

Na Gabriella? Barua nzima hajafungua kinywa. Muulize yeye kwanza, rada itangoja.

Kuhusu pepo, nilimuuliza dereva mmoja wa Lilongwe. Amesema mfumo huo wa kupunguza mwendo hauwaki mpaka mwenye kuendesha abonyeze kitufe kwenye usukani. Basi pepo hiyo, kila Jumapili anayeiita ni kidole cha Pasta mwenyewe.