Umewahi, Mama

Shikamoo mama,

Nyumbu wa kwenye picha ya kadi hii sijawaona hata mmoja. Mimi niko Nyamongo, kwenye vumbi la wachimba dhahabu, hata chai ina mchanga.

Wachimbaji hapa hawataki mwanamke aliye kwenye siku zake asogelee duara, yaani shimo lao. Eti dhahabu inakimbia. Kwa hiyo wanaowapikia uji pale ni wamama waliokwisha koma hedhi. Mmoja wao, Mama Bhoke, alipoanza kutoka damu tena alificha mwaka mzima, asije akafukuzwa, ndipo akaja kupimwa. Wifi yake, Mama Gati, alikuja kwetu zahanati wiki ile ile alipoona tone. Nikamsifu mbele ya watu: "Umewahi, mama."

Leo majibu yamerudi kutoka hospitali ya rufaa. Wote wawili wana saratani ya mji wa mimba. Ya Mama Bhoke ni ile ya polepole, bado imo mle mle. Atapasuliwa na huenda akapona. Ya Mama Gati ni aina kali. Imeshasambaa tumboni mpaka kwenye ini.

Alinishika mkono, akauliza taratibu, "Nesi, si ulisema nimewahi?"



Nawe umeshakoma. Ukiona hata tone, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Najua nilichokuandikia hapo juu. Nenda tu, mama yangu.

Mwanao anayekulilia,
Zuhura