Mume Anasubiri Ethanoli, Shuka Zinasubiri Gari

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijafungua mdomo nikasema neno ambalo sitaweza kulirudisha, maana maji yamenifika shingoni na anayenizamisha ninalala naye kitanda kimoja, ni mume wangu, baba wa watoto wangu, mtu mzuri tu, halewi, hanipigi, hana mwanamke wa nje, ila ana gari.

Sisi ni madobi, tena si wa beseni mlangoni, tuna mashine nyuma ya nyumba na chumba cha kupigia pasi, tunafua shuka za kliniki ya uzazi na za nyumba za wageni, mimi nasimamia kufua na yeye anachukua na kupeleka. Tulikuwa na kigari chetu tukikiita Kobe, kimechakaa, mlango wa nyuma tunaufunga kwa kamba, lakini ukikitia mafuta unasahau ulitia lini. Basi mafuta yakapanda bei, tukanung'unika kama watu wote, yakapanda tena, na hapo ndipo mume wangu, ambaye mtaani wanamwita Injinia ingawa hajasomea hata kufunga koki, akaanza kukaa na redio sikioni kama mgonjwa na dawa. Kumbe kuna mtu alikuwa anahojiwa kuhusu ethanoli, kwamba kiwanda kinajengwa, kwamba ni mafuta ya miwa, safi, rahisi, yanakuja hivi karibuni.

Akaja jikoni macho yanang'aa. "Mama, haya mafuta yanalimwa! Nani atakupandishia bei ya kitu kinachoota shambani?"

Nikamwambia, "Nyanya nazo zinaota shambani, umeuliza bei yake leo?"

Akacheka, nami nikacheka, nikadhani yameisha.

Jumamosi moja akaondoka na Kobe akisema anakwenda kukiosha, akarudi na dude, mshauri, dude lenye injini kubwa kama friji, likaingia getini kwa shida, na kiti cha mbele amekaa mdogo wake, shemeji yangu, ambaye ni dalali wa magari, meno yote nje. "Shemeji, hii inakunywa petroli, inakunywa ethanoli, haichagui!" Kobe ametolewa kama nyongeza, na ile akiba yetu ya mashine ya kukaushia imekwenda hukohuko, na mimi niliyeikusanya hiyo akiba kwa kunyima watoto hata viatu vya sikukuu nasimama pale na sabuni mikononi. Injinia akanifungulia kifuniko cha tangi anionyeshe maandishi, kweli yameandikwa kwamba inakubali ethanoli.

Tukaenda kujaza. Akamwambia binti wa kituo kwa sauti ya watu wote wasikie, "Jaza ethanoli."

"Ipi hiyo baba?"

"Ile ya miwa."

"Baba, hapa tuna petroli na dizeli. Ya miwa labda uliza dukani, wanauza sukari."

Tangu siku hiyo tunasubiri kiwanda, na kiwanda kila siku ni mwezi ujao, na dude linakunywa petroli ile ile iliyotufanya tumwache Kobe, tena linakunywa kama linalipiza kisasi. Sasa hatupeleki mzigo mpaka ujae, eti safari iwe na maana. Akishika mteremko anazima injini, usukani unakuwa mzito, mimi nafumba macho nasali. Nikifungua dirisha anasema upepo unarudisha gari nyuma, nikifunga nikawasha feni anasema namuua.

Halafu akapata wazo jingine, akaenda kwa muuza rangi akanunua spiriti, ile ya kuoshea brashi, anasema nayo ni jamaa ya ethanoli, anaichanganya na petroli kwenye madumu kisha anatia gari, kulizoesha. Madumu ameyapanga kwenye chumba cha pasi kwa sababu ndicho chenye kufuli, na harufu yake, mshauri, inashika mpaka kwenye shuka, dada anayenipigia pasi analalamika kichwa, hasa umeme ukikatika tukiwasha pasi ya mkaa maana moshi na ile harufu vinachanganyika, na matroni wa kliniki alinusa shuka akaniuliza kama siku hizi tunafulia baa. Nimeona aibu sana.

Lakini lililonivunja ni la juzi. Gari lilizimika barabarani na shuka zote za kliniki zimo ndani, Injinia amefungua boneti anaikodolea macho, simu yangu ikaita.

"Mama, una shuka zetu?" Ni matroni.

"Ninazo, ziko njiani."

"Njiani wapi? Nina mzazi hapa amejifungua sasa hivi, nimemlaza kwenye godoro la mpira, tupu."

Nikachukua furushi moja nikapanda pikipiki, nikamkuta yule binti amejikunja juu ya mpira, amefunikwa koti la mumewe, mtoto kifuani. Nikamtandikia kwa mikono yangu. Akaniambia, "Ahsante mama," kwa sauti ndogo, na afadhali angenitukana. Matroni akanivuta pembeni akasema, "Hakuna anayefua kama wewe. Lakini shuka safi ikiwa kwako, mimi nafanya nayo nini? Ikitokea tena natafuta mwingine."

Nilipotoka pale nikapiga moyo konde nikaenda kwa jirani yetu mwoka mikate, anahama, anauza bajaji yake ya mizigo, nikatanguliza kidogo aniwekee. Injinia aliposikia akapanda juu kama maziwa. "Mimi nionekane mjini kwenye bajaji? Ikiingia getini hiyo, mimi natoka!" Shemeji akacheka mpaka akakaa chini. Mama mkwe naye akanipigia, "Mwanangu, mwanamume hashushwi mbele za watu, vumilia, hiyo ethanoli itakuja."

Sasa mshauri niambie, niingize bajaji nipoteze mume, au niiache nipoteze kliniki? Mwoka mikate amenipa mpaka mwisho wa juma. Namba yangu nimeiandika chini, ni ya nyumbani na ndiyo hiyo hiyo ya kazi, yeyote anaweza kupokea.

Ni mimi, mke wa Injinia.

*

Mke wa Injinia,

Umenieleza habari za gari kwa kirefu, nimekusoma mpaka mwisho, ila kuna jambo umelipita mbio kama mtu anayempita jirani aliyekosana naye. Petroli na spiriti, kwenye madumu, ndani ya chumba cha pasi. Na pasi yenyewe mara nyingine ni ya mkaa. Na wewe, mama mzima, unalalamikia harufu!

Sikungoja gazeti litoke. Niliweka barua yako mezani nikapiga ile namba. Akapokea mwanamume.

"Hallo, mzigo wa wapi?"

"Sina mzigo. Wewe ndiye Injinia?"

"Ndiye."

"Una madumu ya mafuta kwenye chumba cha pasi?"

"Nani amekwambia?"

"Mtu anayekutakia uhai. Nani yumo humo sasa hivi?"

"Dada wa pasi. Umeme hakuna, anatumia ya mkaa. Lakini mama, mimi najua ninachofanya, vifuniko nimevikaza."

"Kama umevikaza, mbona shuka zinanuka mpaka kliniki?"

Nikasikia simu inawekwa juu ya kitu kigumu, kisha sauti yake mbali, si ya mtu anayejua anachofanya tena. "Dada! Toka! Chukua hiyo pasi utoke nayo mlango wa nyuma, polepole, usipite huku! Polepole nimesema!" Nikasikia madirisha yanafunguliwa, madumu yanaburutwa sakafuni, mtu anakohoa. Nilishika simu kwa mikono miwili. Aliporudi alikuwa anahema.

"Yako uani," akasema. "Dumu moja kifuniko kilikuwa kimelegea. Chini palikuwa pamelowa."

Nimekueleza hayo ili ujue ulikuwa unalala karibu na nini. Utanikasirikia kwamba nimetoboa siri yako kwa mumeo. Kasirika, dada yangu, ilimradi unakasirika ukiwa mzima. Nilimwambia ayapeleke madumu kwa yule yule muuza rangi amuulize yanavyotupwa, asiyamwage mtaroni na asiyatie tena garini. Wewe hakikisha. Na yule dada wa pasi asirudi chumbani mpaka sakafu ikauke na hewa ipite, na kichwa kikiendelea kumuuma mpeleke akaonwe na daktari, si kumpa kidonge na furushi jingine. Mwombe radhi. Alikwambia, hukumsikia.

Sasa gari. Nilimuuliza fundi ninayemwamini. Ethanoli si uongo, kuna nchi watu wanaijaza vituoni bila maajabu yoyote, na ikifika kwenu nitafurahi. Lakini kuna kitu shemeji yako hakukisema, ama hakijui: lita ya ethanoli haina nguvu sawa na lita ya petroli, kwa hiyo gari lile lile litakwenda umbali mfupi zaidi. Hata ikiuzwa nafuu, dude lenu litainywa kwa wingi kuliko linavyokunywa sasa. Na spiriti ya kuoshea brashi si mafuta ya gari, ina maji na vitu vingine visivyotakiwa kwenye injini, na fundi anadhani hiyo ndiyo iliyowazimia gari siku ile. Gari la kazi, mke wa Injinia, linunuliwe kwa mafuta yanayouzwa leo kwenye kituo cha mtaani kwenu. Hayo mengine ni habari za redio.

Mumeo si mjinga, na usikubali mtu yeyote akwambie hivyo. Nilipomuuliza kwa nini, aliniambia jambo ambalo naona hajakwambia. "Mama, kila kitu kizuri kinanifikia mwisho. Simu, maji ya bomba, hata hiyo mashine ya kufulia, wenzangu walikuwa nazo zamani. Nikasema hili moja niwe wa kwanza." Nilimwonea huruma kweli. Kisha nikakumbuka yule binti kwenye godoro la mpira, huruma ikapungua.

Na wewe usikae hapo unatikisa kichwa. Alipokuja na habari za miwa ulimtania kuhusu nyanya, mkacheka, akaona mambo ni sawa. Alipozima injini mteremkoni ulifumba macho. Alipopanga madumu uliona aibu. Kote huko sikuona mahali uliposema "sitaki" kwa sauti ya kawaida, mezani, mkiwa wawili. Utani wako ni mzuri, nami nimecheka, lakini mtu aliyekolea wazo hausikii utani kama katazo, anausikia kama baraka. Na akiba ile ilikuwa yenu nyote wawili. Hilo alipaswa kuambiwa siku ile ile, getini, mbele ya shemeji.

Kwa hiyo utafanya hivi. Kamalize na mwoka mikate kesho, usingoje mwisho wa juma. Bajaji iingie getini mchana kweupe, na wewe mwenyewe ujifunze kuiendesha na utafute leseni, kliniki isitegemee tena matakwa ya mtu mmoja. Nenda kwa matroni kwa miguu yako, usimpigie, umwambie shuka zitafika saa gani na kwa chombo gani, kisha zifike. Dude liuzwe. Aliuze shemeji, kwa kuwa ndiye aliyelisifu, na safari hii asichukue chake. Akicheka tena mwache acheke, lakini aliuze. Mtapata hasara, na itauma. Ile mtakayoipata mkilibakiza itauma kila mnapopita kituo cha mafuta.

Mama mkwe mjibu kwa heshima zote. Mwambie, "Mama, sijamshusha mwanao, nimemtoa ndani ya chumba kilichokuwa kinangoja cheche." Nadhani atakuelewa. Kama hataelewa, mwalike aje anuse.

Na hilo la "mimi natoka" lisikunyime usingizi. Wanaume wanaohama kwa sababu ya bajaji nimewasikia wengi, sijamwona hata mmoja. Wanafika kona, wanarudi kuchukua chaja. Huyu wako nina hakika naye zaidi, kwa sababu kabla hajakata simu alikohoa, akapunguza sauti, akaniuliza, "Hiyo bajaji yenyewe, ina paa, au shuka zitalowa?"

Nilimwambia swali hilo akuulize wewe. Akikuuliza usicheke, na usimwite shemeji aje kusikia. Mwonyeshe paa, mwache aligongegonge na aseme lina kasoro, mwache alirekebishe. Kisha mkabidhi ufunguo wa pili wa bajaji. Ule wa kwanza kaa nao wewe.