Nililiona Neno Lake Kwenye Kamusi, Nikasema Halimo

Mshauri mpendwa, naomba msaada wako upesi kadiri uwezavyo, kwa sababu figo zangu zimechoka na daktari ameniambia nirudi nyumbani Ihanda nikapumzike, na mimi niliyefundisha Kiingereza miaka thelathini na minne najua mgonjwa akiambiwa akapumzike maana yake nini.

Mwaka 1987 parokia yetu ilipata mfadhili wa kumsomesha mtoto mmoja wa darasa la saba mpaka amalize sekondari, na kwa kuwa waliofanya vizuri walikuwa wawili tukakubaliana washindane mbele ya wazazi. Niliandika ubaoni herufi A, E, R na T, nao wakapewa saa moja kutafuta maneno ya Kiingereza yenye herufi hizo zote nne, na kila neno lisilo la Kiingereza lingefuta moja la kweli. Mmoja alikuwa Kokwijuka, binti wa mkulima wa Kiruruma, na mwingine alikuwa Placidia, binti yangu wa kumzaa, na hapo ndipo ningepaswa kuweka chaki chini nikakae na wazazi wengine, lakini mwalimu wa Kiingereza nilikuwa mimi peke yangu, na kusema kweli sikutaka kukaa.

Placidia alipata maneno thelathini na moja. Kokwijuka alipata thelathini na mawili, la mwisho likiwa "tare". Mwalimu mwenzangu Projest akasema huyu alitaka kuandika "tear" akapotea njia, lakini mtoto akasimama akasema hapana, neno hilo limo kwenye karatasi za chama cha ushirika, baba akipeleka kahawa wanaandika uzito wa mzigo, kisha "tare" ni uzito wa gunia tupu, wanautoa. Mimi sikulijua neno hilo. Kamusi ilikuwa moja tu, ipo kwangu sandukuni, nikapanda baiskeli nikaenda, nikaifungua, nikaliona, na maana yake ilikuwa ileile aliyoisema mtoto. Nilikaa kitandani na kamusi magotini sijui muda gani. Nikarudi nikawaambia watu, "Halimo. Hilo ni neno la gunia." Watu walicheka sana, na hata leo sokoni wapo wanaomwita Mama Gunia. Jioni ile niliuchana ukurasa ule nikauchoma jikoni.

Placidia alisoma, sasa ni afisa huko Bukoba, na kila akija huwasimulia wanawe jinsi alivyoshinda kwa haki mbele ya kijiji kizima, nami huitikia kwa kichwa. Ningeweza kufa hivyo hivyo. Lakini wiki mbili zilizopita Kokwijuka alikuja kuniona, akanipigia shikamoo akiwa amepiga magoti, akanipa kahawa ya kutafuna aliyoifunga kwenye jani la mgomba, na kwetu ukitafuna kahawa uliyopewa mkononi umekubali kwamba hamna kinyongo wala siri kati yenu. Nilimwambia meno yangu hayawezi. Akacheka, akaiweka kando ya kitanda, kisha akasema, "Mwalimu, ulinifundisha nisibishane na waliosoma. Hata walipopima mpaka wa shamba langu niliona wamekosea, nikanyamaza. Nikajisemea, macho yangu yalishanidanganya siku ile." Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayeshukuru.

Tangu hapo silali. Nimeandika barua ya kukiri yote kwake, nimeifunga, nataka kumkabidhi katekista aifungue na kuisoma baada ya mazishi yangu, ili nisiuone uso wa Kokwijuka wala wa binti yangu. Je, nitakuwa nimetimiza wajibu wangu?

Mwalimu mstaafu, Ihanda, Karagwe

MSHAURI ANAJIBU

Mwalimu, shikamoo. Pole kwa ugonjwa, na pole kwa mzigo ulioubeba muda wote huo.

Hapana, hutakuwa umetimiza. Mwaka 1987 ulimnyang'anya Kokwijuka shule, na sasa unataka kumnyang'anya nafasi ya kukujibu. Atakuja msibani kwako, atabeba kuni, atapika, atakulilia kama mwalimu wake, halafu asomewe barua mbele ya watu ambao tangu utotoni wamemcheka. Wewe utakuwa umelala salama. Nani atabaki amesimama pale hajui aweke wapi hasira zake? Chana barua hiyo. Unajua kuchana karatasi.

Usinielewe vibaya, naona unateseka. Lakini unaogopa nyuso mbili, na moja kati ya hizo imekuwa ikijitilia shaka karibu miaka arobaini kwa ajili yako. Shule huwezi kumrudishia. Macho yake unaweza.

Mtume mtu Kiruruma leo, aje peke yake. Usianze na ugonjwa wako wala upendo wa mzazi, maana atakuhurumia kabla hujamaliza. Anza na neno lenyewe: lilikuwamo, nililiona, nikasema halimo. Kisha nyamaza. Akilia, nyamaza. Akikutukana, itikia. Usimwombe msamaha kwa haraka kama anayedai chenji. Akitaka kukupa atakupa kwa siku yake, na kahawa ile usiiguse mpaka yeye mwenyewe akupe tena. Mwambie pia kuhusu mpaka wa shamba: aende ofisi ya kijiji aseme alichokiona, na wewe, ambaye neno lako bado lina uzito, umwandikie barua ya kuunga mkono.

Placidia mpigie simu baada ya hapo, si kabla, asije akakushawishi unyamaze. Yeye hakuiba kitu. Alikuwa mtoto aliyeshindanishwa huku baba yake akiwa mwamuzi. Ataumia. Ana umri wa kutosha kuumia.

Jibu hili nimekutumia kwa mkono Jumatatu. Gazeti linatoka Ijumaa na huko kwenu litafika Jumamosi. Majina yote ya watu nimeyabadilisha, Mwalimu, lakini neno siwezi kulibadilisha, na Kiruruma nzima inalijua ni la nani. Una siku tano. Asilisikie kwangu.