Kimya cha Mara ya Pili

Jumatatu, 4 Septemba 1995
Mahamri yamekwisha mapema. Mbaazi zimebaki, tutazila sisi. Nikiosha karai, mama akaniambia, kama mtu anayetaja bei ya nazi, kwamba posa ya Abdalla kwangu imekubaliwa. Binamu yangu wa Malindi, aliyefiwa na mkewe. Nikahi Ijumaa ya wiki ijayo. Bibi harusi ndiye wa mwisho kujua.

Alhamisi, 7 Septemba
Mapazia mapya yameletwa. Abdalla hana ubaya. Simtaki, basi. Tangu niachwe na yule mume wa kwanza ndiyo nalala vizuri. Mama anasema nikikataa nitamvua baba nguo mbele za watu. Nina hasira na mama. Na mapazia pia.

Jumapili, 10 Septemba
Shangazi kaja kunisinga liwa, ule msandali wa kusagwa wanaopakwa maharusi. "Mwari hunyamaa, na kimya chake ndiyo idhini," akasema. "Wewe ushaolewa. Babako atakuuliza, nawe useme kwa kanwa lako."
Sikulijua hilo. Mara ya kwanza nilikuwa msichana wa shule. Baba aliuliza mlangoni, nikalia tu. Nikaolewa.
Safari hii nitasema la.

Jumatano, 13 Septemba
Nakanda unga, najizoeza. La. La. Mbele ya unga ni rahisi. Baba kapita jikoni akijichekea. Ana furaha, maskini. Afadhali angekuwa mkali.

Ijumaa, 15 Septemba
Baada ya Alasiri baba alikuja mlangoni na mashahidi wawili, mmoja mwalimu wa madrasa. Abdalla alikuwa akingoja msikitini. Baba akauliza kama namruhusu aniozeshe. La haikutoka. Ndiyo nayo haikutoka. Akauliza tena. Mara ya tatu sauti yake ilitetemeka.
"Aona haya," akawaambia wenzake.
Mwalimu akasema, "Huyu si mwari, bwana. Lazima atamke. Kimya chake si idhini."
Nikahi haikufungwa. Abdalla na watu wake wamerudi kwao. Biriani imegawiwa majirani. Mama hasemi nami. Nimeona aibu, na nimekula biriani sahani nzima.

Jumamosi, 16 Septemba
Baba alikuja jikoni baada ya Alfajiri. Akaketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi, mahali asipoketi kamwe. Nikampa chai.
"Humtaki?"
"Simtaki."
Neno likatoka, jepesi. Akanywa kidogo.
"Na yule mume wa kwanda, ulimtaka?"
Sikujibu. Akaweka kikombe chini, chai haijaisha, akatoka.