Herufi za Harusi Juu ya Saruji

Shikamoo Fundi Damiano,

Nimekuamkia kwa mazoea, najua hutaitikia. Ni mimi Restituta, uliyenifundisha kushika brashi pale kibandani, kijijini Daudi. Tangu tukuzike mwaka jana nakiendesha kibanda peke yangu. Mabango, kadi, misalaba ya makaburi. Misalaba zaidi.

Nimekosa, Fundi. Nisikilize mpaka mwisho ndipo ukasirike.

Zile herufi ulizoziita za harusi, ubavu mmoja mnene, mwingine mwembamba kama unywele, na vikanyagio vyembamba chini. Ulizipenda mno wewe. Ukiandika R ya namna hiyo unabana pumzi, mkia ukitoka vizuri unacheka peke yako. Lakini hukuziruhusu zitoke kwenye kadi na vyeti vya kipaimara. "Karatasi inakaa kabatini, msalaba unakaa nje," ulisema. Kwenye saruji ulitaka herufi nene, pana, za kijinga kabisa, ili hata mjukuu ambaye hakumwona marehemu aweze kusoma.

Sasa ulipokufa wewe nikaona haya kukuandika kwa herufi za kijinga. Nikatumia zile. Siku mbili nilipiga magoti pale nalia na brashi mkononi. Mkeo akasema hajaona msalaba mzuri hivyo Mbulu nzima. Wafiwa wengine nao wakataka vilevile, nikakubali, kiburi tu. Nimeandika mingine saba.

Mvua ikaja, ukungu, na lile jua la mchana. Mstari mwembamba haushiki saruji, ulinionya. Juzi nimepita kaburini kwako. A zako zina mguu mmoja. N imebaki mshazari peke yake. Mjukuu wako akamwuliza bibi yake hapa amelala nani, na bibi akaniangalia mimi. Nilitamani aniseme tu.

Nikamwomba nianze kurekebisha na wewe. Akakataa. "Huyo tunajua alipo. Anza na wa watu."

Basi jana nikaenda Bashay, kwa yule mama aliyezika mtoto wa miezi minne nyuma ya nyumba. Jina limekwenda, vimebaki vijiti vinene vilivyosimama, hata mimi niliyeandika siwezi kusoma. Yeye hajui kusoma, Fundi. Kila Jumapili anaupangusa ule msalaba kwa kitambaa, taratibu, asije akaharibu maandishi. Alinikaribisha chai, akanishukuru tena kwa kazi nzuri. Nikanywa chai yake nikaondoka bila kumwambia kuwa jina limefutika. Sijawahi kujichukia namna ile.

Wewe nitakufikia mwisho kabisa, baada ya wote saba, na utaandikwa kwa brashi pana kama ulivyotaka. Pumzika, Fundi wangu. Nimekukosa sana.

Kesho asubuhi narudi Bashay. Nakuahidi nitamwambia kabla sijafungua kopo la rangi. Halafu itabidi nimwombe anitajie jina la mwanawe, maana hata mimi silikumbuki.

Restituta