Bandeji Ambazo Hakuna Aliyezigusa

Mjukuu wangu Neema,

Pokea salamu za Kibondo. Sisi tu wazima, na mama yako amemaliza kuvuna maharage. Unauliza ufanye nini, maana kiwandani kwenu wamekukabidhi sanduku la huduma ya kwanza.

Nikiwa msichana, nami nilikabidhiwa sanduku la kiwanda cha mbao, Kasulu, kwa kuwa mimi peke yangu nilikuwa nimesoma. Nilizipanga bandeji vizuri, na aliyezigusa nilimgombeza.

"Daktari wetu mkali huyo!" alinitania Yoramu, mpasua mbao. Nililipenda jina hilo.

Siku niliyokwenda msibani, msumeno ulimkata Yoramu pajani. Niliporudi nilikuta bandeji zote kama nilivyoziacha.

"Ulisema tusiguse, Daktari," mwenzake aliniambia. "Tukakusubiri. Mwisho tukamfunga kwa shati."

Shati lililegea njiani. Hakufika hospitali akiwa hai, nami mpaka leo sijajisamehe.

Basi kesho mwite mwenzako mmoja. Mpe bandeji iliyo safi kabisa, aifungue, akufunge wewe mguu. Akikosea, mwambie arudie. Bandeji zikiisha, omba nyingine.

Ni mimi bibi yako.